Kufagia Dohani Kabla ya Baridi

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Waisraeli waliamriwa kujenga ukuta mdogo kuzunguka paa la nyumba mpya, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. Dohani nayo hupita paani, nasi twaona yatupasa kuiangalia kwa nia iyo hiyo.

Wazee wa Kigogo walijenga tembe, paa lake la udongo, na moshi ukatoka mlangoni. Hawakuwa na dohani ya kufagiwa. Lakini nyumba nyingi za leo zina bati juu ya mbao, na penye jiko la kuni lenye bomba, joto hupita karibu na mbao hizo. Dodoma i juu ya bahari kwa mita 1,100 hivi, na usiku wa Juni na Julai baridi huuma. Basi kazi hii ifanywe mwezi wa Mei, mvua zikiisha kukoma.

Jiko likiwa baridi kabisa, ondoeni majivu, kisha mchana mtie kioo kidogo chini ya dohani, mtazame. Mkiona mwanga wa anga, njia i wazi. Msipouona, labda ndege wamejenga kiota. Kwaruzeni ndani kwa kijiti. Masizi yakifika unene wa milimita 3, yafagiliwe. Yaliyo kama unga hutoka kwa brashi ya waya, au kwa kitita cha matawi kilichofungwa kamba, kikavutwa juu na chini. Yanayong'aa kama lami ndiyo tunayoyahofia: hutokana na kuni mbichi na moto unaonyimwa hewa, nayo huweza kuwaka ndani ya dohani kwa joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Msiyachome makusudi ili yaishe. Bomba la chuma lenye hayo afadhali libadilishwe. Dohani ya matofali aitiwe fundi. Angalieni pia kutu, na mbao zilizo karibu na bomba, maana mbao zilizokaushwa na joto miaka mingi hushika moto upesi.

Dohani ikiziba, moshi hurudi nyumbani pamoja na hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Watu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hulala, wengine wasiamke. Mkaa katika chumba kilichofungwa hufanya vivyo hivyo, nasi twasikitika kuona jiko la mkaa likiingizwa walalapo watoto.

Kazi ikiisha, washeni nyasi kavu kidogo. Moshi ukipanda, tieni kuni zilizokauka. Ukirudi chumbani, zimeni, mfungue madirisha, kisha mkatazame tena kwa kioo.