SI KILA MASHUDU NI CHAKULA CHA MIFUGO



Bei ya chakula cha ng'ombe ikipanda, kila mfugaji hutafuta njia ya kupunguza gharama. Njia moja nzuri ni mashudu, yaani makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta. Lakini siku hizi hatukamui mafuta ya kupikia peke yake. Kuna pia mafuta ya kuwasha taa na kuendesha injini, na hapo ndipo hatari inapoingia. Kabla ya kulisha, tuulize swali moja: haya mashudu yametoka mbegu gani?

1. Mbono kaburi, au jatrofa
Katika miaka ya 2000 vikundi vingi hapa Kenya vilihimizwa kupanda jatrofa ili kupata dizeli. Mavuno hayakuwa kama yalivyosifiwa, lakini mimea bado iko kwenye ua zetu. Mashudu yake yana protini nyingi, na hilo ndilo linalotudanganya. Ndani yake mna sumu ambayo haiondoki hata ukichemsha. Mnyama akila huharisha, hukonda, na anaweza kufa. Wengine husema ati, "Nitachanganya kidogo tu." Hapana jameni! Kuitoa sumu hiyo ni kazi ya wataalamu wenye mitambo, si ya sufuria nyumbani.

2. Mbarika, au nyonyo
Haya nayo yana sumu kali. Msilishe mnyama yeyote.

Je, tuyatupe? La. Mashudu ya jatrofa na mbarika ni mbolea nzuri. Yachimbieni shambani, muyafunike vizuri kwa udongo ili kuku na mbwa wasiyafukue. Gunia liwekwe mbali na stoo ya chakula, na watoto wasichezee mbegu.

3. Alizeti
Haya ni chakula kizuri cha ng'ombe, mbuzi na kuku. Yakiwa na maganda mengi, kuku wapewe kidogo.

4. Pamba
Yanamfaa ng'ombe mkubwa, kwa kiasi. Ndama wachanga, kuku na nguruwe yanaweza kuwadhuru.

Namna ya kulisha
Anza na konzi moja, ongeza polepole kwa wiki mbili. Mashudu hayachukui nafasi ya nyasi wala maji. Yahifadhi pakavu, juu ya mbao. Yakiota ukungu usilishe, kwa maana sumu ya ukungu huingia kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Ukinunua gunia na muuzaji hawezi kukuambia ni mbegu gani, mwachie gunia lake. Afadhali kukosa gunia kuliko kupoteza ng'ombe anayelipa karo ya watoto.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Ni mbegu gani zinazokamuliwa hapa kwetu?
2. Mashudu yake huenda wapi?
3. Tutaandikaje alama kwenye magunia ili hata mtoto ajue lipi ni la mifugo na lipi ni la shamba?