Kisukari: Chakula Ni Tiba, Lakini Usitupe Tembe Zako

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu mwalimu mmoja mstaafu ambaye vipimo vilionyesha kuwa ana kisukari cha aina ya pili. Nilimwandikia tembe, kisha nikampa karatasi yenye orodha ya vyakula ambavyo hakutakiwa kula tena: ugali, wali, chapati, viazi, ndizi, mkate na mandazi. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu mlangoni. Sikumwambia angekula nini.

Hakurudi kwa muda wa miezi minane. Aliporudi aliletwa na mwanawe, sukari ikiwa 27, na kidonda kilichooza chini ya kidole kikubwa cha mguu. Kumbe alikuwa ameacha tembe na kuanza kunywa unga wa mizizi alioununua sokoni. Nilipomwuliza sababu, alinijibu bila hasira: "Daktari, wewe ulininyima chakula. Yule wa miti shamba aliniambia nile nipendacho, mradi nilambe kijiko kimoja cha dawa yake asubuhi na jioni."

Alikatwa vidole viwili. Nusu ya lawama ni ya yule mwuzaji, na nusu ni yangu mimi. Makala haya yanaeleza yale ambayo ningepaswa kumweleza mwalimu siku ile ya kwanza.

SUKARI HUPANDAJE?

Chakula cha wanga kama ugali, wali, viazi na mkate hugeuzwa tumboni kuwa sukari iitwayo glukosi, ambayo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kama ya ufunguo: hufungulia glukosi mlango ili iingie katika misuli na kutumika kama nguvu. Katika kisukari cha aina ya pili, mwili huwa mzito kuitikia insulini, na baada ya muda kongosho nalo huchoka. Hivyo glukosi hubaki katika damu na kuharibu mishipa ya macho, figo, moyo na miguu polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote.

Mtu husemekana ana kisukari ikiwa damu yake, kabla ya kula asubuhi, ina sukari ya 7.0 au zaidi, au ikiwa kipimo cha HbA1c ni asilimia 6.5 au zaidi. Kipimo hiki cha pili huonyesha wastani wa sukari katika miezi miwili au mitatu iliyopita. Asiye na dalili hupimwa mara ya pili ili kuhakikisha. Namba za sukari katika makala haya ni milimoli kwa lita, kama zinavyoonekana kwenye mashine nyingi hapa nchini.

Utaona basi kwamba adui si sukari ya chai peke yake. Mtu anayekunywa chai isiyo na sukari, kisha akala mlima wa ugali na mboga kidogo, hajajisaidia sana.

SAHANI YA MGONJWA WA KISUKARI

Hakuna haja ya kumpikia mgonjwa chungu chake peke yake. Chakula kinachomfaa yeye kinaifaa jamaa yote. Chukua sahani ya kawaida, si sinia, uigawe kwa macho hivi:

1. Nusu iwe mboga: sukuma wiki, mchicha, managu, terere, kunde, kabeji, biringanya au kachumbari. Hapa unaweza kuongeza bila hofu, ila mafuta ya kupikia yawe kidogo.

2. Robo iwe chakula cha kujenga mwili: maharagwe, ndengu, mbaazi, omena, samaki, yai, kuku aliyeondolewa ngozi au nyama isiyo na mafuta mengi.

3. Robo iliyobaki iwe wanga: ugali unaolingana na ngumi yako, au chapati moja, au kipande cha nduma au kiazi kitamu. Chagua kimoja. Ugali, wali na viazi havipaswi kukutana katika sahani moja.

Maharagwe na ndengu yana wanga pia, lakini nyuzinyuzi zake hufanya sukari ipande polepole. Kwa hiyo githeri ni chakula kizuri ikiwa maharagwe yamezidi mahindi. Mukimo, kwa upande mwingine, ni viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja. Uhesabu wote kama wanga, hata kama una rangi ya kijani.

Wagonjwa wengi huamini kwamba ugali wa wimbi au mtama hauna sukari. Ni kweli kwamba unga usiokobolewa ni bora kuliko ule mweupe, lakini wimbi ni wanga pia. Kikombe kikubwa cha uji wa wimbi uliotiwa sukari kinaweza kupandisha sukari haraka sana. Kadhalika asali na sukari nguru: ziwe zimetoka mzingani au kiwandani, mwilini zote ni sukari.

Matunda hayakukatazwa. Kula chungwa moja, au kipande cha papai, au nusu ya ndizi kubwa, kwa wakati mmoja. Lakini usiyakamue. Glasi moja ya maji ya machungwa ina sukari ya machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi zake zimetupwa. Soda usiinywe, isipokuwa sukari yako ikishuka kupita kiasi, jambo nitakalolieleza hapa chini.

Mwisho, jihadhari na vipande vidogo vidogo vya katikati ya siku: andazi hapa, biskuti pale. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali.

KUPUNGUZA UZITO NA KUTEMBEA

Je, chakula peke yake kinaweza kukituliza kisukari? Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Utafiti uitwao DiRECT, uliofanywa Uingereza na matokeo yake kutangazwa mwaka 2017, uliwachukua watu wanene ambao kisukari chao hakikuwa kimepita miaka sita na ambao hawakuwa wakidungwa insulini. Kundi moja liliwekwa kwenye lishe kali ya kupunguza uzito chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya kundi hilo walikuwa na sukari iliyotoka katika kiwango cha kisukari bila tembe. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86.

Lakini tusikimbilie kusema wamepona. Uzito ukirudi, sukari nayo hurudi. Tena mgonjwa aliyekonda hapaswi kujinyima chakula. Yeye amwone daktari, kwa maana huenda kongosho lake limepungukiwa na insulini.

Kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, husaidia misuli kutumia glukosi. Hata dakika kumi baada ya chakula cha jioni zina faida.

DAWA ZA MITI SHAMBA

Sitawaambia wasomaji kwamba mimea haina nguvu. Tembe ya metformini, ambayo wagonjwa wengi wa kisukari hupewa kwanza, ina asili yake katika mmea. Huko Ulaya watu walitumia tangu zamani mmea uitwao Galega officinalis. Wanakemia walitambua kemikali iliyokuwa ndani yake, wakatengeneza nyingine zinazofanana nayo zilizo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akatangaza matumizi ya metformini kwa wagonjwa wa kisukari. Mmea wenyewe huwaua kondoo wakiula kwa wingi. Tofauti ya sumu na dawa ilikuwa ni kujua kilichomo na kipimo chake.

Hebu basi tuitazame ile inayotumiwa sana kwetu.

Karela: Imepunguza sukari katika baadhi ya majaribio, lakini majaribio kwa binadamu yamekuwa madogo na matokeo yake hayapatani. Kama mboga, ile.

Uwatu: Mbegu zake zina nyuzinyuzi nyingi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu. Unaweza kusaidia kidogo.

Mdalasini: Matokeo yamechanganyika. Kidogo katika chai hakina neno, lakini aina ya kasia ina kumarini, ambayo inaweza kudhuru ini mtu akiila kwa vijiko kila siku.

Mlonge: Majani yake ni mboga yenye lishe nzuri. Hakuna ushahidi wa kutosha kuyafanya badala ya tembe.

Mwarobaini na mshubiri: Hapa kuna hatari zaidi. Mwarobaini kwa wingi unaweza kudhuru ini na figo. Utomvu wa manjano wa mshubiri huharisha na kupunguza madini ya potasiamu mwilini. Wajawazito na wenye ugonjwa wa figo wasivitumie kabisa.

Ninachokiogopa zaidi ni unga usio na jina. Mwaka 2000, huko California, Marekani, wakuu wa afya walipima dawa za mitishamba za kisukari wakakuta zimetiwa glibenklamidi, ambayo ni tembe ya hospitali, bila mnunuzi kuambiwa. Mtu anayemeza tembe hiyo nyumbani, kisha akaongeza unga wa namna hiyo, anameza kipimo mara mbili. Sukari inaweza kushuka hata azirai.

Kwa hiyo, ukiamua kutumia miti shamba, shika mambo haya:

1. Usiache wala usipunguze tembe au insulini bila kuzungumza na daktari.

2. Mwambie daktari unachotumia. Usimwogope, na akikugombeza, tafuta mwingine.

3. Usinunue dawa inayodaiwa kuponya kisukari kabisa, wala ile ambayo mwuzaji hataki kutaja kilichomo.

4. Pima sukari mara kwa mara. Kabla ya kula, wengi wanapaswa kuwa kati ya 4 na 7, na saa mbili baada ya kula, chini ya 10. Kila mtu awe na sindano yake ya kudunga kidole.

SUKARI IKISHUKA

Mgonjwa anayetumia insulini au glibenklamidi akipunguza chakula ghafla, sukari yake inaweza kushuka chini ya 4. Ndiyo sababu mwambie daktari kabla ya kubadili lishe, ili naye apunguze dawa. Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa kali na kuchanganyikiwa. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezirai asitiwe kitu chochote kinywani. Apelekwe hospitali mara moja.

Pia nenda hospitali bila kukawia ukiwa na kiu isiyokatika pamoja na kutapika au usingizi mzito, au ukipata kidonda mguuni, hata kama hakiumi.

Mwalimu wangu angali anakuja kila baada ya miezi mitatu. Anakula ugali wake kila siku, wa ngumi moja, pamoja na managu na terere anazolima nyuma ya nyumba. Amepungua kilo tisa, na HbA1c yake ya mwisho ilikuwa asilimia 6.8. Bado anameza metformini. Ile karatasi yangu ya vyakula vilivyokatazwa niliacha kuitoa. Siku hizi mgonjwa akija mara ya kwanza, namwomba anieleze alichokula jana kutoka asubuhi hadi usiku, na tunaanzia hapo.

Wiki ijayo: Jinsi mgonjwa wa kisukari anavyopaswa kutunza miguu yake.