MADA YA 9: UDHAIFU WA KUNYIMA HUDUMA KATIKA MAKTABA ZA UJIFUNZAJI WA MASHINE

Malengo. Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza maana ya shambulio la kunyima huduma;
(b) kutofautisha shambulio la mafuriko na udhaifu wa programu;
(c) kukokotoa mahitaji ya kumbukumbu na kupendekeza kinga.

9.1 Maana

Usalama wa mfumo wa kompyuta una nguzo tatu: usiri, uadilifu na upatikanaji. Shambulio la kunyima huduma hulenga nguzo ya tatu. Mshambuliaji si lazima aibe wala abadilishe taarifa; inatosha mwenye haki ya kuhudumiwa akose huduma.

Huduma hunyimwa kwa njia kuu mbili:

(i) Mafuriko ya maombi. Seva hutumiwa maombi mengi kupita uwezo wake. Julai 2023 jukwaa la serikali ya Kenya, eCitizen, lilishambuliwa hivyo na wananchi wakakwama kupata huduma. Waziri husika, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo na kusema hakuna data iliyopotea. Kilichoguswa ni upatikanaji.

(ii) Udhaifu wa programu. Hapa hakuna haja ya mafuriko. Ingizo moja baya huweza kuzima programu yenye kasoro.

9.2 Kwa nini maktaba?

Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa misimbo iliyokwisha kuandikwa, ambayo waandaaji wengine huitumia badala ya kuanza upya. Katika ujifunzaji wa mashine, maktaba zinazotumika sana ni TensorFlow, iliyotolewa na Google mwaka 2015, na PyTorch.

Teknolojia hii imefika mashambani kwetu. Programu ya simu iitwayo Nuru hutambua magonjwa ya mihogo kwa picha ya jani, na hufanya kazi bila intaneti. Hapa Arusha, watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, wamekusanya picha za mazao kama migomba ili kuzifundisha kompyuta kutambua magonjwa.

Faida ya maktaba ni kuokoa muda. Hatari yake ni kwamba kasoro moja hurithiwa na kila programu inayoitegemea.

9.3 Aina za udhaifu

1. *Kugawanya kwa sifuri.* Mwaka 2021 TensorFlow ilitangaza udhaifu wenye namba CVE-2021-29517. Sehemu iitwayo Conv3D ilitafuta baki la kugawanya kwa namba iliyotoka kwa mtumiaji. 12 kwa 3 hubaki 0. Lakini 12 kwa 0 haina jibu, na programu huzimika. Marekebisho yaliwekwa katika toleo la 2.5.0.
2. *Kumaliza kumbukumbu.* Ingizo hudai nafasi kubwa kuliko iliyopo.
3. *Kitanzi kisichokoma.* Ingizo huifanya programu irudie hatua zilezile bila kufika mwisho.

9.4 Swali la mfano

Kikundi cha wakulima wa maharage Kwa Mrombo, jijini Arusha, kinatumia seva moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Wanachama hutuma picha za majani, nayo hujibu kama yana ugonjwa. Mtu ametuma picha ya rangi moja tu, yenye pikseli 40,000 kwa 25,000. Kila pikseli ina thamani 3 za rangi. Chukulia gigabaiti 1 ni baiti 1,000,000,000.

(a) Picha ikifunguliwa, kila thamani ikichukua baiti 1, itahitaji kumbukumbu kiasi gani?
(b) Maktaba hugeuza kila thamani kuwa namba ya desimali ya baiti 4. Sasa zinahitajika gigabaiti ngapi?
(c) Eleza matokeo na utaje kinga tatu.

Jibu

(a) 40,000 × 25,000 × 3 = baiti 3,000,000,000 = gigabaiti 3.

(b) Thamani 3,000,000,000 × baiti 4 = gigabaiti 12.

(c) Gigabaiti 12 ni zaidi ya 8, hivyo programu huzimika, na wakulima wote hukosa majibu mpaka iwashwe tena. Kupima ukubwa wa faili pekee hakutoshi: picha ya rangi moja hubanwa ikawa faili dogo, kisha hupanuka inapofunguliwa. Kinga:
- kusoma vipimo vya picha kabla ya kuifungua, na kukataa vinavyozidi kiwango kilichowekwa;
- kusasisha maktaba mara marekebisho yanapotangazwa;
- kuiwekea kila kazi kikomo cha kumbukumbu na muda, ili ikishindwa isiangushe seva nzima.

Angalizo. Katika swali kama hili usiandike "data zimeibiwa." Taja nguzo iliyoguswa: upatikanaji. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingilia mifumo ya kompyuta ya watu wengine. Ukigundua udhaifu, mjulishe mwenye mfumo. Usiujaribu kwake bila ruhusa.

9.5 Zoezi

1. Tofautisha shambulio la mafuriko na udhaifu wa programu. (alama 4)
2. Programu ya simu isiyotumia intaneti ikizimwa na picha mbaya, huathirika simu moja; seva ikizimwa, huathirika wote. Eleza kwa nini. (alama 3)
3. Rudia 9.4 (a) na (b) kwa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Je, seva itahimili? Toa sababu. (alama 3)