Jua Haki Zako: Daftari la Mwanagenzi

Ijumaa moja alasiri, katika wiki yangu ya tatu ofisini, nilimpelekea msimamizi daftari langu la kumbukumbu atie sahihi. Nilikuwa nimeandika: Jumatatu, kujifunza kupanga faili, Jumanne, kujifunza kuandika barua. Akatia sahihi bila kusoma.

Ukweli ni kwamba Jumatatu hiyo nilishinda mapokezi peke yangu, kwa kuwa mwenye meza alikuwa likizoni. Nilipokea simu, nikawaandikia wateja risiti, nikahesabu pesa jioni na kuzikabidhi. Jumanne nilipiga chapa barua 11, na zote ziliondoka siku hiyo hiyo zikiwa na mhuri wa ofisi. Nilidhani daftari ni la kuwapendeza walimu chuoni. Baadaye, nilipoanza kukaa na vijana wenye malalamiko ya kazi, ndipo nilipoelewa kwamba lile lilikuwa ushahidi wangu, nami nilikuwa nimeuharibu kwa kalamu yangu mwenyewe.

Hapa Kenya, maofisini, jina la mwanagenzi hubandikwa watu wa namna tatu. Yuko mwanafunzi wa chuo aliyekuja atachimenti kwa sababu hawezi kufuzu bila hiyo. Yuko aliyekwisha kuhitimu, anayetafuta uzoefu kwa posho au bila posho. Na yuko mwanagenzi hasa, yule anayetambuliwa na Sheria ya Mafunzo ya Viwanda, Sura ya 237: mtu aliyefungwa na mkataba wa maandishi kumtumikia mwajiri ili ajifunze kazi, naye mwajiri akafungwa na mkataba huo huo kumfundisha. Mkataba wa aina hii husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA.

Kwa huyu wa tatu mambo ni wazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inaposema mwajiriwa, inasema ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, kisha inaongeza kwamba mwanagenzi wa mkataba yumo. Akiambiwa "wewe si mfanyakazi hapa", anadanganywa. Ana haki ya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ana haki ya likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi kwa malipo kamili, na akiondoka kabla mwaka haujatimia, mradi ametimiza miezi miwili au zaidi, huhesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi. Aliyefanya kazi miezi sita, basi, ana siku 10 na nusu. Nimewaona vijana wakiaga kwa furaha na kuacha hizo siku mezani kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa ni zao.

Wale wawili wa kwanza ndio wanaonihangaisha, maana sheria hiyo haikuwataja kwa majina. Mwanafunzi wa atachimenti wa wiki nane, anayefundishwa kweli na kuachiwa nafasi ya kuuliza, nisingemshauri aende kudai mshahara. Lakini aliyehitimu akaitwa intani, akapewa meza, saa za kuingia na kutoka, wateja wa kuhudumia na pengo la mtu aliyeacha kazi, na mwaka wa pili unaingia akiwa palepale, huyo hali yake ni nyingine. Jina lililo kwenye barua halimalizi shauri. Mahakama hutazama kazi yenyewe: nani anakuamuru, saa zako zinapangwa na nani, ofisi ingekwama usipofika, unalipwa vipi. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwatumia walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi kulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini. Tume ya Huduma za Walimu ilikata rufaa, na walimu si makarani. Hata hivyo hoja ile inawahusu wengi, kwa sababu Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa haki hiyo kila mtu.

Ndiyo maana siku ya kwanza uombe karatasi. Kuomba si ukaidi, sema tu, "Naomba barua inayoonyesha kazi zangu, muda wangu na malipo yangu, niiweke kwenye faili." Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unapaswa kuwa wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Asipouandaa, hasara haikuangukii wewe: kesi ikifika mahakamani naye akashindwa kuuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai unakuwa wake. Hapo ndipo daftari linapopata thamani, kwa kuwa wewe utakuwa na maandishi ya kila siku, yenye sahihi ya mtu wao.

Kuhusu pesa, jambo dogo linalowaumiza wengi. Mashine ya kutoa nakala imeharibika mkononi mwako, na posho ya mwezi mzima inakatwa. Kwa mwajiriwa, sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi. Karatasi iliyokwama kwenye mashine kuukuu si makusudi. Tena makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za ujira.

Ukiumia, usinyamaze ukidhani mgeni hana haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, awe wa muda au wa kudumu. Na ile ya Fidia ya Majeraha Kazini inamtaja mwanagenzi wa mkataba pamoja na waajiriwa wengine. Mjulishe msimamizi mara moja, uandike tarehe na saa, kisha uhifadhi karatasi za hospitali.

Lipo jambo ambalo wasichana hunieleza kwa sauti ya chini, na wavulana pia. Msimamizi anayetaka mapenzi kabla ya kutia sahihi ripoti yako anavunja sheria, na hapa haijalishi wewe ni intani, mwanafunzi au mwajiriwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamtazama aliye na mamlaka anayeyatumia kumsumbua mtu kimapenzi: adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Hifadhi ujumbe wa simu, usiufute kwa hasira wala kwa aibu. Ofisi yenye waajiriwa 20 au zaidi inapaswa kuwa na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji huo, iulizie. Chuo nacho kijulishwe, maana kina uwezo wa kukuhamisha bila kukupotezea muhula.

Siku ya kuondoka, mwajiriwa, mwanagenzi wa mkataba akiwemo, aliyefanya kazi wiki nne au zaidi mfululizo ana haki ya cheti cha utumishi chenye jina lake, la mwajiri, kazi aliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Barua ya kumsifu ni suala jingine. Mwajiri halazimiki kuitoa. Wengi huchanganya vitu hivi viwili, wakabembeleza sifa na kusahau kudai cheti.

Ukikwama, nenda ofisi ya leba iliyo karibu nawe. Kumweleza afisa malalamiko yako hakuhitaji wakili. Aliyeachishwa kazi bila haki anapaswa kumfikia afisa huyo ndani ya miezi mitatu. Nenda na barua ya kukupokea, taarifa za malipo ya simu, na daftari.

Kwa hiyo Ijumaa hii, kabla ya kulipeleka kwa msimamizi, andika ulichofanya kwa majina yake: "Nilikaa mapokezi peke yangu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, nikatoa risiti." Likirudi na sahihi, piga picha ukurasa huo na umtumie mtu wa nyumbani.