Dondoo muhimu: Mlio wa kugonga kwenye miguu ya mbele ya gari

Katika barabara za udongo za Milanzi na uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mvua za masika huacha mashimo na makorongo, mlio wa kugonga kwenye miguu ya mbele hauna budi kutafutiwa chanzo kabla ya kununuliwa kipuri chochote. Ukisikika kwa mwendo mdogo, hasa gurudumu moja linapotangulia kuingia shimoni, wa kutazamwa kwanza ni stebilaiza linki, yaani kifimbo kinachounganisha mguu na nondo inayozuia gari lisilale kwenye kona. Ukitoweka breki inapokanyagwa kidogo, huenda pedi zimelegea.

Baada ya gari kuegemezwa juu ya stendi imara, wala si jeki peke yake, gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa: likicheza, na mchezo huo ukaisha msaidizi anapokanyaga breki, kasoro aghalabu imo kwenye beringi; usipoisha, inayotiliwa shaka ni bolijointi, yaani kiungo cha tufe kinachoruhusu gurudumu kukata kona. Hicho ndicho cha kuhofiwa zaidi, kwa kuwa kikichomoka gurudumu hulala na usukani haushiki tena. Gari la namna hiyo lisiteremshwe kwenda Bonde la Ziwa Rukwa kabla ya kutengenezwa.