Usiuze ng'ombe kwanza

SWALI: Nina miaka 23, naishi Gendabi, Hanang. Kila jambo naiuliza programu ya akili mnemba iliyo kwenye simu yangu. Sasa inaniunga mkono niuze ng'ombe wawili alioniachia baba, nifungue duka la vifaa vya simu Katesh. Nifuate?

JIBU: Mdogo wangu, usiuze kwanza. Programu hizi, zilizovuma tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, hutunga jibu kwa kukisia neno linalofuata, kutokana na maandishi mengi mno yaliyotumika kuzifundisha. Kuandika barua ya kuomba kazi au kupanga daftari la mauzo, zitumie bila wasiwasi. Ila kodi ya fremu Katesh mwezi huu hazina. Tena hupenda kukubaliana na muulizaji. Jaribu leo: iambie umeamua kubaki na ng'ombe, uone itakavyokusifu.

Kumbuka 3 Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang likafika hadi Gendabi. Nani alipoteza mifugo, alianzaje upya, nani alimkopesha: hayo wanayo majirani zako, na mengi hayajaandikwa popote. Jirani akikushauri vibaya, kesho mtakutana njiani. Hilo humfanya afikiri mara mbili.

Nenda Katesh, umwombe mwenye duka kama hilo ukae naye siku nzima. Muulize mwezi wake mbaya kuliko yote aliuza nini. Kisha rudi uzungumze na mama, ng'ombe wakiwa bado zizini.