Mwamba Uliolowa, Mwamba Unaovuja na Mwamba Mbichi: Kuamua Ukavu wa Jabali Baada ya Mvua

Utangulizi

Mvua ya masika imenyesha usiku kucha. Asubuhi ya Jumamosi kikundi cha wanafunzi kinafika Lukenya, kilima cha mawe kilichoko kusini-mashariki mwa Nairobi, karibu na mji wa Athi River, kikiwa na kamba, helmeti na viatu vya soli laini za mpira. Jua limekwisha kuchomoza. Aliyetangulia anaupapasa mwamba kwa kiganja na kusema, "Umekauka." Mwenzake anaingiza vidole katika ufa, anavitoa vikiwa na tope, na kusema, "Bado." Wote wawili wamesema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu mmoja wao anakaribia kuuning'iniza uzito wa mwili wake juu ya neno hilo moja.

Makala haya yanachunguza namna ya kuamua iwapo mwamba umekauka kiasi cha kukweleka baada ya mvua. Hoja yake kuu ni kwamba swali "Je, mwamba umekauka?" ni maswali matatu yaliyovikwa vazi moja: la kwanza lahusu uso wa jiwe, la pili lahusu nyufa zake, na la tatu lahusu moyo wake. Kila swali lina jibu lake na muda wake wa kungoja. Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kukimbilia uundaji wa istilahi kila uwanja mgeni unapobisha hodi, ilhali mara nyingine maneno yanayotakiwa yamo jikoni na kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kulowa, kuvuja na ubichi ni maneno ya namna hiyo, nayo yanatosha kuubeba mjadala huu.

Jambo moja la msamiati litangulie. Neno mkwezi, kwa asili, lamhusu mtu akweaye mnazi, na hapa linatumiwa kwa yeyote akweaye jabali. Upanuzi huu wa maana hauna ukali wowote. Mkwezi wa pwani naye huutazama mnazi ulionyeshewa kwa jicho la shaka kabla ya kutia mguu katika kipandio cha kwanza.

Mwamba uliolowa

Kulowa ni jambo la nje. Shati lililolowa kwa manyunyu hukauka likipigwa na upepo, na mwamba uliolowa juujuu huwa vivyo hivyo. Lukenya ni mfano mzuri kwa sababu mawe yake ni ya naisi, yaani mwamba wa kale uliogeuzwa umbo na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi hata chembe zake zikashikamana bila kuacha matundu ya maana. Maji hayana pa kuingilia. Hutandaa juu ya jiwe, hutiririka, na yaliyobaki hupaa kwa jua na upepo. Bamba la naisi lililolala kwa mteremko, linalotazama jua na kupigwa na upepo wa tambarare za Athi, huweza kukauka kabla ya saa moja kwisha tangu mvua ikatike. Matale nayo huwa na tabia hiyo.

Rangi ndiyo shahidi wa kwanza. Karibu kila jiwe huwa jeusi zaidi likiwa na maji, hivyo mkwezi akisimama mbali kidogo huweza kusoma ukuta mzima kama ramani: madoa meusi, mistari ya michirizi, vipande vilivyokwisha rudi kuwa vya kijivu. Shahidi wa pili ni mkono. Upande wa nyuma wa kiganja hutambua unyevu vizuri kuliko vidole, ambavyo ngozi yake ni ngumu na mara nyingi tayari ina jasho. Shahidi wa tatu ni unga mweupe ambao wakwezi hujipaka mikononi ili kukausha jasho. Unga huo ukipakwa kwenye jiwe kavu hubaki vumbi, na kwenye jiwe lenye unyevu hugeuka uji.

Mashahidi hawa watatu, hata hivyo, huweza kusema uongo kwa pamoja. Kuna mimea midogo kabisa, mfano wa magamba ya kijivu na kijani, inayojishikiza juu ya mawe ya nyanda za juu. Jiwe lenyewe linapokuwa limekauka, mimea hiyo bado huwa imeshika maji, na mguu ukiikanyaga huteleza kama uliokanyaga ganda la ndizi. Aidha, jiwe huweza kulowa pasipo mvua. Baada ya usiku wa baridi, hewa ya joto yenye mvuke ikiligusa jiwe lililopoa, umande hufanyika juu yake. Wazee husema jiwe linatoka jasho, na usemi huo wafaa, ila jasho hilo latoka hewani, halitoki ndani ya jiwe. Mtu aliyehesabu saa tangu mvua ya mwisho na kuridhika na hesabu yake atashangaa kukuta ukuta unateleza.

Mwamba unaovuja

Kuvuja ni jambo jingine kabisa. Paa huvuja hata baada ya mvua kukatika, kwa sababu maji yaliyokusanyika juu bado yanatafuta njia. Jabali nalo lina paa lake, nalo ni udongo, nyasi na vichaka vilivyoko kileleni. Udongo huo hunywa mvua kama sifongo, kisha huiachilia polepole kupitia nyufa, ikatokea katikati ya ukuta kwa siku kadhaa. Kwa hiyo anayetaka kujua iwapo ukuta utakuwa mkavu kesho asiutazame ukuta peke yake. Atazame kilichoko juu yake. Kilele cha jiwe tupu humwaga maji yote mara moja na kumaliza. Kilele chenye shamba au msitu huyalipa kwa awamu.

Hali hii huonekana katika Hell's Gate, karibu na Naivasha, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1984. Kuta zake ni za mawe ya volkano yaliyopasuka yalipokuwa yakipoa, yakaacha nguzo ndefu zilizosimama wima na nyufa kati yake. Nyufa hizo ndizo njia za wakwezi, kwa kuwa humo ndimo wanamopachika mikono, miguu na vyuma vya kuzuia kuanguka. Kwa bahati mbaya, nyufa hizohizo ndizo njia za maji. Uso wa nguzo huweza kuwa mkavu kama kigae ilhali ndani ya ufa, mahali ambapo jua halifiki, bado mna tope. Chuma kilichopachikwa katika ufa wenye tope huweza kuchomoka kikivutwa kwa nguvu. Wenzao wawili wa Lukenya walikuwa wakibishana juu ya jambo hilihili pasipo kulitaja, mmoja akisema habari za kulowa na mwingine habari za kuvuja.

Ukuta ulioinama mbele, unaomfunika mtu kama upenu wa nyumba, unastahili kutajwa peke yake kwa sababu huwadanganya wengi. Mvua inaponyesha, chini ya ukuta huo huwa pakavu, na mkwezi huweza kuendelea na shughuli zake huku wenzake wakilowa. Baada ya siku mbili, wakati mabamba ya wazi yamekauka kitambo, maji yaliyosafiri ndani ya mwamba huanza kudondoka kutoka upenuni, nayo huweza kudondoka kwa muda mrefu. Aliyejifunza kwamba upenu ndio mahali pakavu wakati wa mvua hana budi kujifunza upya mvua inapokwisha.

Mwamba mbichi

Hapa ndipo maneno ya jikoni yanapofaa zaidi. Kila aliyewahi kupika kwa kuni anajua kwamba kuni mbichi si kuni zilizolowa. Kuni kavu zilizonyeshewa usiku zikianikwa juani huwaka ifikapo adhuhuri. Kuni mbichi zilizokatwa jana hazitawaka hata zikianikwa siku mbili, kwa sababu maji yamo ndani ya nyuzi zake, na gamba lake kavu halitoi habari yoyote ya moyo wake. Nguo nayo huweza kuanuliwa mapema ikiwa kavu mgongoni na mbichi ukosini. Makala haya yanapendekeza kwamba jiwe linalofyonza maji hadi moyoni liitwe mwamba mbichi kwa muda wote ambao maji hayo bado yamo.

Mawe ya mchanga ndiyo yanayohusika hasa. Jiwe la aina hii ni chembe za mchanga zilizogandishwa pamoja, na katika baadhi ya mawe kigandisho hicho ni udongo wa mfinyanzi au chumvi za madini ambazo hulegea zikipata maji. Jiwe likiwa bichi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Kishikio kilichowabeba maelfu ya watu kikiwa kikavu huvunjika mkononi mwa mtu mmoja asiye na subira. Mtu huyo huanguka, na hilo laeleweka kwa wote. Lisiloeleweka upesi ni kwamba kishikio kilichovunjika hakirudi. Njia ya kukwea iliyodumu vizazi kadhaa hufa au hubadilika siku hiyo, na kila atakayekuja baadaye atakuta pengo. Uchafu wa mwamba uliolowa humdhuru anayekwea peke yake. Pupa juu ya mwamba mbichi huwadhuru hata wasiokuwapo.

Ndiyo maana katika milima ya Saxony, nchini Ujerumani, kando ya Mto Elbe, ambako ukwezi wa mawe ya mchanga una mila ya zaidi ya miaka mia moja, kanuni za wakwezi zinakataza kugusa mwamba ulio na unyevu. Katika korongo za Red Rock huko Nevada, Marekani, wakwezi hushauriwa kungoja kati ya saa 24 na 72 baada ya mvua, na zaidi ya hapo ikiwa mvua ilikuwa kubwa au hali ya hewa ni ya baridi. Nevada ni jangwa, na uso wa jiwe hukauka upesi mno, jambo linalozidisha kishawishi. Kwa hiyo wenyeji hutumia kipimo kisichohitaji chombo chochote: huchimba udongo ulioko chini ya ukuta kwa vidole. Udongo wa juu ukiwa vumbi na wa chini ukiwa na unyevu, basi na jiwe huhesabiwa kuwa na unyevu ndani, na mifuko ya kamba hurudishwa garini.

Kipimo hicho chafaa kwa mawe yanayofyonza. Kwa naisi ya Lukenya hakina maana, kwa kuwa udongo huweza kuwa chepechepe ilhali jiwe lililo juu yake ni kavu kabisa. Mwanafunzi anayetaka kuiona tofauti hii bila kusafiri atwae kipande cha matumbawe, jiwe lililojenga nyumba za kale za Lamu na Mombasa, na kipande cha jiwe gumu la bara, kisha adondoshe maji juu ya yote mawili. Juu ya jiwe la bara tone litakaa au litatiririka. Juu ya tumbawe tone litazama, na baada ya muda mfupi uso utaonekana mkavu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jua na majira

Kuhesabu saa bila kutazama majira ni kazi bure. Karibu na ikweta jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, kisha huhamia kusini. Ukuta unaotazama kusini hupata jua wakati wa kaskazi na hukaa kivulini wakati wa kusi, na ule unaotazama kaskazini hufuata mpango wa kinyume. Mlima Kenya ndio unaoonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Vilele vyake viwili vikuu, Batian (mita 5199) na Nelion (mita 5188), hukwewa kwa upande wa kusini hasa kuanzia mwisho wa Desemba hadi Machi mwanzoni, na kwa upande wa kaskazini hasa katikati ya mwaka. Upande usiopata jua huwa na barafu na theluji, na jua kidogo la mchana huviyeyusha hivyo na kuyafanya maji yatiririke katika mwamba usionyeshewa hata tone.

Nairobi nayo ina mtego wake. Julai na Agosti ni miezi ya mvua haba, na mgeni hudhani kwamba ndiyo miezi ya mwamba mkavu. Lakini ni kipupwe: mawingu hufunika anga siku nzima, hewa ni baridi na ina mvuke mwingi, na manyunyu madogo ya alfajiri huweza kudumu juu ya jiwe hadi alasiri. Mvua kubwa ya Januari ikifuatwa na jua na upepo wa kaskazi husahaulika mapema zaidi.

Mvua ya mbali

Yote yaliyotangulia yanahusu mvua iliyonyesha mahali mkwezi aliposimama. Korongo la Ol Njorowa, lililoko ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, linadai swali jingine. Korongo hilo lilichongwa na maji yaliyotoka ziwani wakati Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo. Kuta zake nyembamba ni za majivu ya volkano yaliyogandamana, na baadhi yake hutiririkwa na maji ya moto kutoka ardhini hata wakati wa kiangazi, hivyo ulowevu wake wa kila siku hausemi lolote kuhusu mvua. Maji yanayokusanyika katika nyanda za juu hushuka humo kwa ghafla. Mwezi Aprili mwaka 2012 vijana kadhaa wa kikundi cha kanisa walifia humo kwa mafuriko, na mwezi Septemba mwaka 2019 watu saba wakasombwa na kufa.

Mwenye kupapasa ukuta wa korongo hilo na kuukuta mkavu amepata habari ya mahali alipo tu. Swali la kumwuliza mlinzi wa hifadhi au kiongozi wa wageni pale langoni, kabla ya kuteremka, ni imenyesha wapi tangu jana, na sasa hivi mawingu yamekaa upande gani.